Nimeuliza Bei ya Chumba cha Kampala

Kavira mwanangu,

Usisome hii barua mbele ya dereva, wala mbele ya yule mama wa mawese utakayekaa naye juu ya magunia. Dereva anajua kusoma, mimi namjua, na habari za watu wa Hombo zinafika Bukavu kabla ya gari lake. Ngoja mpaka uwe peke yako. Kisha uisome yote, hata pale utakapokasirika, kwa sababu leo nimefanya jambo ambalo baba yako hajanisamehe, na ukifika Kampala utalikuta limekutangulia. Nataka ulisikie kwangu kwanza.

Mambo ya dawa ya malaria, ya kufunga pesa ndani ya kitenge, ya kutokubali chakula cha mtu usiyemjua ndani ya basi, sitayaandika. Yaya yako Masika, dada yako mkubwa, amekujaza hayo tangu juma lililopita, mpaka nikaona unatikisa kichwa bila kusikiliza. Mimi nina neno moja tu la kukueleza, nalo ni lile lililowafurahisha wote Jumapili: bure.

Unakumbuka tulivyokaa baada ya misa kutafuta mahali pa staji yako, yale mazoezi ya kazi ya miezi mitatu, simu katikati ya meza, sauti imefunguliwa, kila mtu ameinama kama tunaota moto. Papa Nzanzu, ndugu yangu mwenye biro, ile ofisi ya kutoa mizigo forodhani, akasema kutoka Kampala, na sauti yake imeshiba kama sauti ya baba yake: "Mutoto akuye hapa. Chumba iko, chakula iko, staji atafanya mu biro yangu. Hatalipa kitu. Iko mutoto wetu." Baba yako akapiga makofi. Akanigeukia: "Mama Masika, unaona Mungu?" Nikajibu, "Naona Nzanzu." Wakacheka, wakadhani ni mchezo.

Nawe, Kavira, ulisema "Aksanti Papa" kabla hajamaliza maneno yake. Nililiona hilo. Ile aksanti ya haraka ilinichoma, kwa sababu mimi pia niliwahi kuisema hivyohivyo, nikiwa na umri kama wako, kwa baba wa huyuhuyu Nzanzu.

Usifikiri sikutaka utoke. Nani alikulipia masomo ya forodha miaka mitatu pale Bukavu? Ukoo ulisema nini? Walisema msichana haendi kujifunza karatasi za mipaka, aende kujifunza ushonaji. Nililipa peke yangu, kwa sabuni na chumvi ya hapa Hombo, na sasa wamekuwa wengi wenye kukuita mtoto wao. Hilo nalo nalitazama kwa jicho moja.

Miezi yote hii, wewe ukiandika ripoti zako, mimi nilikuwa nafanya staji yangu ya kutafuta mji. Hombo ina ubaya mwingi lakini ina barabara, na kila dereva anayetoka mbali anasimama kwangu kunywa chai. Sikuuliza kama mji fulani ni ghali. Ukimuuliza mtu hivyo atakujibu kulingana na alivyolala. Niliuliza kila mmoja maswali yaleyale: sahani ya maharagi karibu na mahali pa kazi ni ngapi. Chumba chenye komeo kwa ndani ni ngapi. Kutoka chumbani mpaka kazini unapanda gari mara ngapi. Serikali ya pale inakulipisha ngapi kwa sababu tu unapumua kwao. Na kurudi nyumbani, bila kumwomba mtu ruhusa, ni ngapi.

Dereva mmoja, yule mrefu anayeleta saruji, aliniapia kwamba Nairobi ni rahisi kuliko Bukavu. "Mama, kule unakula, unashiba, unalala, hautoi hata franka!" Nikaanza kushangaa, nikaona mwenzake anacheka ndani ya kikombe. Nikamwambia, weye unacheka nini? Akasema, "Mama, anakulaka kwa ule mwanamuke wake. Muulize ule mwanamuke njo atakuambia bei ya Nairobi." Toka siku hiyo nikaongeza swali mbele ya yote: ulijilipia mwenyewe?

Waliojilipia wenyewe waliniambia mambo mengine kabisa. Nairobi, chumba cha mfuko wako kiko mbali na ofisi, na basi la asubuhi na la jioni linakula kile ulichookoa kwenye chumba. Mombasa ndiyo bandari yenyewe, pale ungejifunza kweli, lakini nauli ya kwenda na kurudi peke yake inatosha kukaa Kampala karibu miezi miwili. Bujumbura chakula ni rahisi na ni karibu, lakini nao wana vita vyao, na sioni faida ya kutoka vitani kwenda kusoma vitani. Kigoma niliipenda. Dagaa, Kiswahili, vyumba vya bei ndogo. Karibu nikuandikishe Kigoma. Kisha mzee mmoja wa mawese akaniambia meli ikikawia, watu wa ofisi wanacheza karata juma zima, na ikikawia zaidi wanacheza juma la pili. Nikaona ungelipa kidogo na kurudi unajua karata.

Ikabaki Kampala. Maharagi bei ya katikati, vyumba vya kila namna, basi la kurudi kila siku, na mizigo yetu yenyewe inapita pale: sabuni hii ninayouza, vitenge, misumari, chupa za plastiki. Kwa hiyo mji nimeukubali kwa hesabu zangu mwenyewe. Ninachoshuku ni chumba.

Hujawahi kunisikia nikisema habari za Ngungu. Mkiniuliza nilianza vipi biashara, nasema "na viazi," mnacheka, mambo yanaisha. Leo nitakueleza, maana huwezi kumjua Nzanzu bila kujua Ngungu.

Unajua desturi ya kwetu, sisi watu wa Butembo. Kijana hana mtaji, anakwenda kwa ndugu mwenye duka. Anatumika miaka bila mshahara. Anafagia, anabeba, anapima, anajifunza kuuza. Halafu siku moja ndugu anamtoa: anampa bidhaa za kwanza, anamwambia nenda ujitegemee. Wengi wametolewa hivyo na leo wana malori. Siitukani desturi. Lakini hiyo siku ya kutolewa haina tarehe, na anayeijua ni mmoja tu.

Papa Mukubwa, ndugu mkubwa wa baba yangu, ndiye baba wa Nzanzu, alikuwa na dipo, ghala la mazao, pale Ngungu. Alinunua maharagi na viazi kwa wakulima wa vilima, akapeleka Goma. Alikuja kwetu, akaniona nilivyo mwepesi wa hesabu, akamwambia baba: "Huyu nitamutoa mimi." Nikasema aksanti kabla hajaketi.

Nilikaa kwake miaka sita. Sikulala njaa hata siku moja, hilo niliseme. Alinipenda. Akinunua vitenge kwa binti zake, kimoja kilikuwa changu. Asubuhi nilipika, nikaosha watoto, nikaingia dipo mpaka jioni, nikatoka nikapika tena. Wageni wakija aliniita niwahesabie magunia kwa kichwa bila kalamu, wakashangaa, naye akafurahi: "Uyu iko mutoto wangu." Mimi ndani ya moyo nilikuwa nimeshachagua rangi ya mlango wa duka langu.

Pale dipo alikuwepo na mpimaji wa mizani, anaitwa Bahati, kijana wa vilima vilevile. Wazee wake walilima pale tangu zamani. Yeye alikuwa na mshahara. Kila mwisho wa mwezi alisimama mlangoni, mikono nyuma, hasemi kitu, mpaka alipwe. Mimi nilimwonea aibu. Nilimwambia siku moja, "Bahati, unasimamaka pale sawa mudai. Hausikie haya?" Akanijibu, "Dada, weye unalipwa nini?" Nikasema mimi ni wa nyumba. Akasema, "Eh. Basi pole." Nikamkasirikia siku mbili kwa ile pole.

Mwaka wangu wa sita vita vilipanda upande wetu. Kwanza watu wakapita na magodoro kichwani, wakisema hawaendi mbali. Halafu wakapita bila magodoro. Bei ya maharagi ikaanguka mpaka nikamwambia Papa Mukubwa tununue yote, ni bahati. Hakununua hata gunia. Sikuelewa kwamba watu wakiuza namna ile wanauza miguu yao, wanataka kuwa wepesi wa kukimbia. Toka pale kitu kikiwa rahisi ghafula, nauliza nani anakimbia.

Asubuhi moja nikakuta lori limeshapakiwa. Mama Mukubwa ndani ya kabini na wadogo, Nzanzu pembeni yao, kijana mkubwa wa rika langu. Nikafunga nguo zangu haraka. Papa Mukubwa akanishika bega, akanitia funguo mkononi. Akasema, "Weye iko mutoto wa nyumba. Baki unachunga. Juma moja tunarudi." Nikaangalia kabini. Nzanzu aliangalia mbele.

Na sasa nisikilize, Kavira, hapa ndipo penye kosa langu. Sikulia. Nilifurahi. Funguo zote, hata za chumba chake! Nilisimama mlangoni nikawapungia mkono kama mwenye mali. Nilifikiri, sasa ameniamini kabisa, akirudi atanitoa.

Bahati nilimtafuta kwenye mizani, sikumwona. Baadaye nilijua. Jioni ya kuamkia siku ile alikuwa amesimama mlangoni kama desturi yake, na Papa Mukubwa akamlipa, akamwambia: "Chukua yote, kesho hatuko." Yeye aliambiwa kwa sababu alikuwa anadai. Mimi nilikuwa sidai kitu, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kuniambia.

Wenye silaha waliingia kabla ya juma kwisha. Hawakutumia funguo. Mimi nilitokea mlango wa jikoni, nikaingia ndani ya mashamba ya maharagi ya watu, nikatambaa mpaka upande wa pili wa kilima. Sitakuandikia nilichosikia nyuma yangu. Walionipokea ni nyumba ya akina Bahati. Mama yake, mwanamke mfupi mwenye kusema kidogo, alinipa maji, akaningoja ninywe, halafu akasema: "Hapa unalala, unakula. Asubuhi unalima mpaka jua la katikati. Ukiendelea mpaka jioni, ndoo ya viazi iko yako."

Hapo ndipo nililia. Vita havikuniliza, funguo hazikuniliza, nikalizwa na ndoo. Nilijiona nimetukanwa. Mtu ametoka kwenye risasi na wewe unamtajia bei! Mama Bahati akaniacha nilie, kisha akanionyesha jembe liko wapi.

Nililima mpaka jioni. Ndoo ilikuwa yangu. Niliuza viazi kwenye kisoko cha kando ya barabara, nikanunua chumvi, nikauza chumvi. Siku nilipoamua kuondoka kwenda Walikale, kule kwenye machimbo ambako sabuni iliuzwa mara tatu ya bei, nilimuaga Mama Bahati na yeye akaniaga. Hakuniambia "baada ya yote niliyokutendea." Hakuwa na nafasi ya kusema hivyo, na mimi sikuwa na sababu ya kutoroka. Tuliachana kama watu wazima, na mpaka leo nikipata mtu wa kwenda Ngungu namtumia sabuni.

Papa Mukubwa nilikuja kumwona Butembo miaka miwili baadaye. Nilikwenda kuuliza mtaji wangu. Nilijitayarisha njia nzima, nikapanga maneno ya heshima. Alifurahi kuniona, akaita watu, akasema huyu ni mtoto wangu, yuko hai. Tukala. Nikauliza. Akasema, "Mutaji gani tena, mwanangu? Si ulikuwa unakula?" Hakusema kwa ubaya. Alishangaa kweli. Kisha akaniuliza swali ambalo nalisikia mpaka leo nikifunga duka: "Na ile nyumba, uliachia nani?"

Sasa unaelewa kwa nini sikupiga makofi Jumapili.

Mimi sisemi Nzanzu ni mtu mbaya. Baba yake pia hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningemwogopa mapema. Nilimtumikia miaka sita kwa sababu alikuwa mwema, na wema wake haukuwa na kipimo, si upande wake wala upande wangu. Nzanzu atakupa chumba. Siku ya kwanza utapumzika. Siku ya pili mama mudogo, mkewe, atakuwa na kichwa kinauma, utapika. Siku ya tatu mtoto wao hana wa kumpeleka shule. Utafika biro saa nne, watacheka, nani atamkemea mtoto wa bosi? Mwisho wa mwezi wa tatu Nzanzu atakusainia ripoti yako ya staji kwa alama nzuri sana, na wewe utarudi hujui kontena inatolewa vipi. Hata hutamchukia. Utaniambia, "Mama, walinipenda."

Na mimi nataka ujue kontena, Kavira. Nisikufiche, nina faida yangu. Kila mzigo unaonifikia hapa umeongezwa bei mahali nisipopaona. Barieri za barabarani, zile kamba za kutuzuia, nazijua, yule anachukua sabuni, yule anachukua noti, naziweka kwenye bei. Lakini zile karatasi za mpakani, mihuri ile, ushuru ule unaobadilika kila mwezi, pale nalipa kama kipofu. Nataka mtu wa nyumba yangu aende akaone ni wapi wananiibia. Hiyo ndiyo staji ninayoilipia. Kupika ulishajua.

Basi leo mchana nilimwachia Masika duka nikapanda kilima cha mtandao, nikampigia Nzanzu. Nitakuandikia maneno yalivyokuwa, usije ukaambiwa vingine.

Akasema, "Mama Masika! Mutoto anatoka lini?"

"Kesho. Mbele ya kutoka, niambie bei ya chumba."

"Bei ya chumba gani?"

"Chumba atalala."

Akacheka sana. "We mama, Hombo imeshakuharibu kichwa? Muntu anauliza ndugu yake bei?"

"Kichwa iko muzima. Wale wapangaji wako wa nyuma wanalipaka ngapi?"

"Wale ni wapangaji."

"Na uyu pia."

Nilisikia pikipiki za Kampala ndani ya simu. Halafu sauti ikabadilika. "Mimi naita mutoto, weye unaniletea mupangaji. Nitaambia watu nini?"

"Waambie mama yake njo alikataa. Na kazi ya biro inaanza saa ngapi, inaisha saa ngapi?"

"Saa mbili mpaka saa kumi na moja. Sasa jioni hatasaidia mama yake mudogo hata kukata mboga?"

"Siku akipenda, atakata. Kama ni kila siku, uniambie na hiyo bei."

Hapo akawaka. Akasema, "Papa alikulisha miaka sita!"

Nikasema, "Alinilisha. Na mimi nilimupikia. Na siku ya lori, Nzanzu, weye ulikuwa mu kabini."

Kavira, sijawahi kumwambia hilo, miaka yote hii, kwenye matanga, kwenye ndoa, tukishikana mikono. Nilifikiri atakata simu. Hakukata. Alisema polepole, "Dola makumi mbili na tano kwa mwezi."

Nikasema, "Wapangaji wako wanalipa makumi mbili. Nilishauliza."

Hapo akakata.

Nilikaa juu ya jiwe nikaangalia mto, nikajiambia, mwanamke, ndugu amekubali kutaja bei, nawe bado unapunguza? Lakini makumi mbili ni makumi mbili. Baada ya muda simu ikalia. "Makumi mbili," akasema. "Lakini ujue umeniumiza." Nikamwambia najua. Na ni kweli najua, sikumwambia ili amalize haraka.

Pesa ya miezi mitatu nimeshaitoa kwa yule mfanyabiashara wa vitenge ambaye ndugu yake yuko Kampala. Mpaka ufike itakuwa mkononi mwa Nzanzu. Ya chakula unayo wewe, utajipikia ao utanunua, mambo yako.

Baba yako alipata habari kabla sijashuka kilimani, sijui ni nani alimkimbilia, ila nina mtu ninayemshuku. Alinikuta mlangoni. "Umeuzisha ndugu zetu!" Nikamwambia sijauza, nimenunua. Hakucheka. Akasema, "Siku ya mahari ya Kavira, nani ataketi upande wetu? Sabuni zako?" Hilo lilinigusa, kwa sababu anaweza kuwa anasema kweli. Ukoo wa Papa Mukubwa ndio wenye sauti. Wanaweza kukaa kwao siku hiyo, na wewe utatafuta kwa macho na usiwaone, na kosa litakuwa langu. Nimeliweka hilo kwenye hesabu. Nimeona bado inafaa. Lakini nimekuandikia ili ujue kwamba inafaa kwa hesabu zangu mimi, na anayeweza kulipa ni wewe. Baba yako sasa amelala akigeukia ukuta. Kesho atakubebea sanduku, usiogope.

Nimebakiza jambo moja, na hili usilikosee.

Inawezekana Nzanzu, ukifika, atakutolea zile pesa mbele ya watu, na kicheko, na kusema, "Mama yako anapenda mchezo, chukua, ukanunue viatu. Weye iko mutoto wetu." Chumba kizima kitafurahi. Utaona ni mwema na mimi ndiye mwenye roho ngumu. Hutakuwa na moyo wa kukataa, najua, ulivyo na aibu. Basi usikatae kwa maneno. Ziache mezani, chukua sanduku lako, umsalimie kila mmoja, uende kwa masista. Wana bweni la wasichana nyuma ya parokia, karibu na pale utakaposhukia basi. Nilimtuma dereva mmoja wa kwetu, mwenye kusali, akaulize. Ni ghali zaidi kidogo, vitanda vinne chumba kimoja, mlango unafungwa saa moja jioni. Nimekuwekea bei yake yote ya miezi mitatu ndani ya sabuni ya kipande iliyofungwa kwa karatasi ya bluu. Kata katikati. Usimwambie Masika, atasema nakupendelea.

Na kama hatazirudisha, kama atazichukua na kuzitia mfukoni akinuna, ujue ameniheshimu kuliko siku zote za maisha yetu. Kaa kwake kwa raha. Msalimie mkewe kila asubuhi. Mtoto wao akikupenda, mpende. Siku ya Jumapili, ukitaka, wapikie sombe ya kwetu, majani ya muhogo, kwa mkono wako, kwa sababu umependa. Utaona chakula hicho kitakavyowashangaza.

Hata wewe nakushuku kidogo, nisikudanganye. Nashuku utaona haya juu yangu. Utasikia wakinisema jikoni, utatamani kunitetea ao kunikana, na vyote viwili vitakupotezea muda. Watakuambia mama yako ameuza undugu kwa dola sitini. Usibishane nao. Sema ndiyo, njo mama yangu, halafu ulale mapema. Saa mbili kamili uwe mlangoni pa biro, na wakikuuliza ukifika wewe ni nani wa bosi, waambie wewe ni stajiaire, na uulize mzigo wa kwanza uko wapi.

Mama yako,
ambaye anakupenda na amelipa mpaka mwezi wa tatu.